Abiria wa Kumi na Sita

Mtu mwenye koti la kijani aligeuka kuangalia nyuma. Mara ya tatu sasa.

Nabwile akainama, akaokota kiatu cha mtumba.

"Hicho kilikuwa kinakungoja wewe tu, siste," muuzaji akamwambia.

"Mguu mmoja?"

"Ule mwingine uko ndani ya gunia. Si uketi nikutafutie?"

Hakuketi. Koti la kijani lilikuwa limekata kona nyuma ya maduka ya mbolea, naye akalifuata kwa mwendo wa mtu asiye na haraka na dunia. Kwa siku kumi na moja amekuwa nyuma ya kijana huyu hapa Kitale. Alijua anakunywa chai wapi. Alijua ananyolewa na nani. Alijua anaitwa Derrick, na kwamba ulimi wake ni wa kumtoa nyoka pangoni.

Derrick akaingia studio ya kupiga picha. Akatoka na bahasha ya kaki, nene kama tofali.

Pasipoti.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Nabwile. Ujumbe mmoja tu.

*Mahindi yamekauka. Mashine iingie shamba kesho.*

Akaenda kusimama kando ya kinu cha kusaga, mahali ambapo kelele zingemeza maneno yake. Akapiga.

"Kesho?"

"Kesho." Sauti ya Mukhwana, mkuu wake katika Idara ya upelelezi, ilikuwa kavu kama siku zote. "Basi linatoka Kitale saa kumi na moja alfajiri. Wengine watapandia Kanduyi. Jina lako ni Fridah. Liko kwenye orodha yao."

"Silaha?"

"Watapekua. Enda mikono mitupu."

"Niwakamate wapi?"

"Hukamati mtu mpaka ujue wanawapeleka wapi. Ukiwagusa kabla ya kisiwa, tutakuwa tumewashika kwa kosa la kuogelesha watu. Umenipata?"

"Nimekupata, mzee."

Simu ikakatika.

Kampuni ilijiita Samawati. Haikuwa na ofisi. Ilikuwa na mabango ya buluu na kijana mmoja mwenye ulimi. Mabango yalisema kuna kazi za hoteli za ufukweni, ng'ambo, na kabla hujaajiriwa unapewa mafunzo ya siku moja bure: kupanda mashua ya katamarani, kuzamia kwa miwani na mrija, kushinda kisiwani, kula na kunywa. Njoo na pasipoti yako.

Mafunzo hayo yalikuwa Ziwa Victoria.

Mtu wa pwani angecheka mpaka akae chini. Kuzamia utazame nini katika maji yale, yaliyokorogeka kama chai ya maziwa? Lakini vijana wa Kitale na Bungoma walizaliwa kati ya mahindi na miwa. Maji waliyoyajua ni ya mto na ya kisima. Waliona picha ya samaki wa rangi kwenye bango, wakaamini.

Vikundi viwili vilikuwa vimekwenda. Watu thelathini na mmoja.

Hakuna aliyerudi. Hakuna pasipoti hata moja iliyogongwa muhuri mpakani. Baba mmoja wa Chwele alikuwa akija ofisini kila Jumatatu na picha ya binti yake. Aliketi kwenye benchi mpaka saa saba, kisha akasema asante, akaenda. Hakuna aliyejua alikuwa akishukuru nini.

* * *

Basi lilisimama Kanduyi, karibu na uwanja wa michezo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nabwile alikuwa kiti cha tatu, karibu na dirisha. Mkononi alivaa saa ya G-Shock, ile nyeusi nene. Ukibonyeza kitufe cha kushoto mara mbili, Idara inajua ulipo. Mara tatu, inakuja.

Wakapanda wasichana watano kutoka Kibabii, wanacheka, wamevaa kofia za jua. Nyuma yao msichana wa sita, nywele amesuka ndefu, ameshika orodha kama mwalimu wa zamu.

Nabwile aliinuka kitini.

Edinah.

Mdogo wake wa tumbo moja. Yule ambaye Nabwile alimpeleka shule kwa mkono, yule anayeuza vifuniko vya simu karibu na chuo na kulalamika kwamba dunia imemsahau.

"Haa!" Edinah alipasua kicheko. "Si wewe uko Nakuru unauza bima? Na..."

Nabwile alimkumbatia kabla jina halijatoka. Akamshika kwa nguvu mpaka mbavu zikalia.

"Niite Fridah," alimnong'oneza sikioni. "Usiniulize."

"Kwani umeiba nini?"

"Edinah. Fridah."

"Sawa, Fridah," Edinah alisema, akicheka bado. Aliona ni mchezo. Akaenda kuketi mbele, karibu na Derrick, akamkabidhi orodha.

Nabwile alishuka kama mtu anayekwenda kujisaidia. Nyuma ya ukuta akapiga simu.

"Mzee, nina mtu wangu ndani."

"Mtu gani?"

"Mdogo wangu."

Upande ule wa simu ng'ombe alilia. Mukhwana alikuwa anakama, au anajifanya anakama.

"Basi shuka," alisema mwishowe.

"Nikishuka nani anapanda?"

Ng'ombe alilia tena. Simu ikakatika.

Nabwile akarudi ndani ya basi.

* * *

Saa tatu asubuhi walikuwa kwenye ufuko mdogo, chini kidogo ya Port Victoria. Derrick alipita na sanduku jeusi la Pelican lisiloingiza maji.

"Simu zote humu, wapendwa. Maji na simu si marafiki. Pasipoti ziko salama, hizi hapa. Mabegi yafunguliwe, ni ya usalama wenu."

Wakatoa. Simu kumi na tano na ya kwake, Nabwile alihesabu.

Halafu wakaiona.

"Wee! Ndege ama mashua?" alisema Festus, fundi wa baiskeli wa Bungoma mjini, mwili kama ghala, sauti kama kengele ya kanisa.

Katamarani ilikuwa nyeupe, imesimama juu ya miguu miwili mirefu kama mtu aliyechuchumaa mtoni. Nyuma injini mbili za Yamaha. Katikati kibanda cha nahodha. Mbele, kati ya ile miguu miwili, palitandazwa wavu mnene, umefungwa pembeni kwa kamba moja ndefu kama kitanda cha kamba. Wasichana walikimbilia huko, wakalala kifudifudi, wakatazama maji yakipita chini yao.

Nahodha alikuwa mtu mnene wa miwani myeusi. Hakusalimia. Alihesabu vichwa kwa kidole, akawasha injini.

Lilikuwa jambo zuri, hapana haja ya kusema uongo. Upepo. Jua. Redio inapiga muziki. Soda baridi. Festus aliimba. Msichana mmoja, Hibo, wa mtaa wa karibu na msikiti pale Bungoma, alijifunga shali yake vizuri akashika chuma kwa mikono miwili, akitabasamu kwa woga. Edinah alikuwa anacheza.

Nabwile alimtazama mdogo wake akicheza, na moyo wake ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

Saa tano wakafika kisiwa. Kisiwa kidogo, mchanga upande mmoja, mawe upande wa pili. Nahodha akatia nanga kwenye maji ya kifua. Derrick akagawa miwani ya kuzamia na mirija.

"Zameni! Mkiona samaki wa rangi, mniite!"

Wakazama. Hibo, amevaa nguo zake zote, alitumbukiza uso tu. Akainuka, mrija umemkaa mdomoni kama filimbi. Akautoa.

"Dada Fridah, wewe umeona nini?"

"Hakuna."

"Hata mimi. Ni giza tu. Wanatuonyesha nini hapa?"

Nabwile aliivua miwani yake. Mkanda ulikuwa umekatika, ama yeye mwenyewe alikuwa ameukata kwa meno. Akapanda ngazi ya nyuma kwenda kuomba mingine. Karibu na kibanda akasikia redio ya nahodha ikikwaruza.

"Mzigo?"

"Kumi na tano," nahodha akajibu. "Saa tisa tunavuka mpaka wa maji. Leta lori pale pa zamani, chini ya kiwanda cha samaki."

"Wanawake?"

"Tisa. Over."

Nabwile alikohoa, akaingia na mkanda uliokatika. Nahodha alimrushia miwani mingine bila kumtazama.

Sasa alijua wapi. Akabonyeza saa mara mbili.

Lakini hesabu haikukaa sawa. Kumi na tano. Kwenye katamarani hii, ukimwacha nahodha na Derrick, palikuwa na abiria kumi na sita. Alikuwa amewahesabu mara nne.

Mmoja wao hakuwa mzigo.

* * *

Wakala mchangani. Samaki wa kukaanga, ugali, kachumbari. Nabwile alikula polepole, akiwatazama mmoja mmoja kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto.

Wasichana watano wa Kibabii. Si wao. Hibo. Hapana. Edinah... akaliruka jina hilo, kisha akajilazimisha kurudi kwalo. Hapana. Festus? Mtu mwenye siri hawezi kula vile.

Wavulana walikuwa wanataniana. Festus alimgeukia kijana mmoja mkimya, mabega mapana, kichwa kilichonyolewa, mfuko mdogo kiunoni. Alijiita Wakonyo, wa Kimilili.

"Wewe omundu wa kwetu, mbona unakula kama mgeni? Ulipashwa tohara mwaka gani, nikujue rika?"

"Elfu mbili kumi na tano," Wakonyo alijibu, tonge mdomoni. "Walinipaka matope asubuhi pale mtoni. Nikasimama kama mti. Sikupepesa jicho."

Kicheko kilikatika.

Wabukusu hutahiri mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kumi na nne. Kumi na sita. Kumi na nane. Hata mtoto wa darasa la pili anajua. Mwaka wa kumi na tano hapakulia kengele hata moja ya tohara katika nchi yote ya Bungoma. Aende hospitali, sawa, hospitali haichagui mwaka. Lakini matope ya mtoni?

Festus aliweka tonge lake chini.

"Kumi na tano? Bana, hiyo mwaka ulipakwa matope na nani? Nguruwe?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Wakonyo hakucheka. Mkono wake wa kulia uliacha ugali, ukashuka taratibu kiunoni. Ule mfuko haukuyumba kama mfuko wenye simu. Ulining'inia kama wenye jiwe.

Festus alifungua mdomo aongeze.

"Mwache," Nabwile aliingilia. "Watu husahau. Wewe mwenyewe Festus, nasikia siku yako ulifichwa chini ya kitanda na nyanya yako. Tumesema?"

"Ati nini? Nani amekuambia? Uwongo! Uliza Kanduyi yote!"

Kicheko kikahama. Mkono wa Wakonyo ukarudi kwenye ugali. Akamtazama Nabwile, akampa tabasamu dogo la shukrani.

Naye akalirudisha.

Bastola. Pengine Makarov, kwa ukubwa wa ule mfuko. Na mwenye bastola sasa anampenda. Hilo lilikuwa jambo jema kuliko yote yaliyotokea siku hiyo.

Halikudumu.

Alimvuta Edinah mpaka nyuma ya mawe.

"Sikiza. Wakati wa kupanda, wewe usipande. Jifiche hapa. Kuna watu watakuja kukuchukua."

"Nisipande? Nikose kazi?"

"Hakuna kazi, Edinah."

"Iko. Rafiki yangu Nasike aliipata. Nilimleta mwenyewe, safari ya kwanza, yeye na wenzake watano. Saa hii ako Dubai."

Nabwile alimshika mkono.

"Umewaleta wangapi?"

"Sita kwanza. Halafu watano leo. Derrick anasema nikileta kumi mimi ndio nitakuwa msimamizi."

"Umesikia sauti ya Nasike tangu aende?"

"Ananiandikia meseji."

"Sauti, Edinah."

"Meseji tu."

"Anakuitaje kwenye hizo meseji?"

Edinah aliangalia chini. Alichora mchanga kwa kidole cha mguu, chenye rangi nyekundu.

"Ananiita Edinah," alisema. "Mbele aliniita Kadogo. Hajawahi kuniita Edinah maisha yake yote. Nilidhani... dada, nilidhani kazi imemfanya ajisikie."

Alikuwa anajua. Si kujua kwa kichwa, kujua kwa tumbo, kama mtu anayejua chakula kimeharibika na bado anakila kwa sababu njaa imemshika. Nabwile aliliona jambo hilo usoni mwa mdogo wake, likamchoma kuliko risasi.

Kisha hofu ya Edinah ikageuka hasira, kama kawaida yake tangu utoto.

"Kila kitu yangu lazima uiharibu! Wewe ulipata yako, ukatoka! Niache, Nabwile!"

Jina likagonga mawe, likarudi.

Hatua kumi kutoka hapo Wakonyo alikuwa ananawa mikono majini. Akainuka.

"Nabwile?" alisema. "Mimi nilijua ni Fridah."

"Moja la nyumbani, moja la ubatizo."

"Na huyu?"

"Mdogo wangu."

"Mbona hamkusema?"

"Tungesema, wangetuchukua sote wawili?"

Wakonyo alitabasamu tena. Safari hii macho hayakutabasamu. Akamshika Edinah bega kama shemeji mpole.

"Twende, Kadogo. Usilie. Nitakaa na wewe."

Alikuwa amesikia yote.

* * *

Saa nane na robo. Derrick alipiga makofi.

"Dakika kumi za mwisho majini, halafu tunarudi nyumbani!"

Nyumbani. Nabwile alivaa miwani na mrija. Mchangani, kati ya takataka za wavuvi, palikuwa na kipande cha wavu wa kuvulia mbuta, nailoni ngumu. Alikizungusha tumboni chini ya fulana, akaingia majini na wenzake.

Ndani hakukuwa na kuona. Rangi ya hudhurungi, halafu nyeusi. Akaenda kwa vidole, kama mtu anayetafuta sindano chini ya kitanda. Mguu wa kushoto wa katamarani. Injini. Panga tatu za chuma, zile zinazosukuma maji. Akazungusha nailoni mara moja, mbili, sita, akafunga fundo la kufungia ng'ombe, lile lisilofunguka ukilivuta. Akapumua kwa mrija. Mguu wa kulia. Injini ya pili.

Kifua kiliwaka. Akamaliza.

Alipopanda ngazi akabonyeza saa mara tatu. Boti ya doria ilikuwa imejificha nyuma ya rasi. Dakika thelathini, Mukhwana alikuwa ameahidi. Kuvuka mpaka wa maji kulitaka ishirini.

Edinah alikuwa mbele, amekaa kwenye wavu. Wakonyo pembeni yake.

Nahodha aling'oa nanga, akaacha upepo uwasukume hadi maji marefu, akawasha. Injini zikanguruma, zikapiga kelele ya chuma kinachosagwa, zikafa.

Akawasha tena.

Hakuna.

"Kuna kitu kwenye panga!" nahodha alifoka.

Wakonyo alisimama. Zipu ya mfuko ikalia. Bastola ikatoka, na muziki wa redio ukaendelea kupiga kama mjinga asiyejua kuna msiba.

"Kila mtu akae chini," alisema. "Chini!"

Wasichana wakapiga mayowe. Hibo akaanza kuomba kwa sauti ndogo. Wakonyo alimwinua Edinah kwa nywele, akamweka mbele yake, mdomo wa bastola shingoni.

"Fridah. Ama Nabwile. Wewe unaogelea kama fisi maji. Shuka ukate hiyo takataka."

"Sina kisu."

"Derrick, mpe."

Derrick alimrushia kisu cha kupasulia samaki. Asali ya ulimi wake ilikuwa imekwisha.

"Nahesabu mia moja," Wakonyo alisema. "Injini isipowaka, mdogo wako anakufuata huko chini. Bila mrija. Moja."

"Dada," Edinah alisema. Basi. Neno hilo tu.

Nabwile akavaa miwani. Akashuka.

Mbili. Tatu. Nne. Alihesabu naye kichwani.

Hakwenda kwenye injini.

Alipita chini ya katamarani, kati ya miguu miwili, mgongo ukikwaruza ubao, mpaka mbele. Hapo akatoa kichwa kimya kimya. Juu yake wavu. Kupitia matundu aliona nyayo. Mbili za viatu vya michezo. Mbili tupu, kucha nyekundu.

"Arobaini na moja. Arobaini na mbili."

Ile kamba moja ndefu iliyoshika wavu ilikuwa imekazwa kama ngozi ya ngoma. Kisu kilikuwa butu. Alikata hapa. Akakata pale. Akabana mwisho wa mrija kwa meno asilie.

"Sitini. Mbona sisikii kitu? Kapteni! Yuko wapi?"

Akakata pa tatu.

Kamba ikapasuka yenyewe, zzzrrr, tundu baada ya tundu, na mbingu ikaanguka juu ya kichwa chake.

Risasi moja ililia hewani. Halafu maji yakafunga.

Giza. Mapovu. Miguu inapiga, mikono inashika chochote. Wote wawili hawakujua kuogelea, walikuwa wamekumbatiana kama wapenzi, kila mmoja akimfanya mwenzake ngazi. Nabwile aliingia kati yao kipofu. Mkono ulimkamata koo. Wa nani? Alipapasa. Kitambaa. Bega. Bega jingine. Wavu umezunguka kila kitu.

Hewa ilikuwa inamwishia.

Akapapasa juu zaidi. Kichwa kilichonyolewa. Akakiacha. Pembeni, kitu kirefu, laini, kimefungwa vifundo vidogo vidogo.

Nywele za kusuka.

Akazikamata zote kwa ngumi moja, akapiga miguu.

Walipotokeza, kitu cheusi kiliteremka mbele ya uso wake. Shali. Hibo alikuwa amelala kifua juu ya ubao, ameifunga mkononi.

"Shika, dada! Shika!"

Alimsukuma Edinah. Hibo na wasichana wawili wakavuta. Juu huko palikuwa na vurumai. Derrick alikuwa amekimbilia sanduku la simu na pasipoti alitupe majini, na Festus alikuwa amemkalia.

"Niondokee, utaniua!"

"Si ulisema mafunzo?" Festus alimjibu bila haraka. "Jifunze kupumua."

Nahodha aliinua mikono kabla ya kuambiwa. Mbali, nyuma ya rasi, king'ora kilikuwa kimeanza kusikika.

Nabwile alielea, akitweta. Chini yake, ndani ya wavu, mtu alikuwa anapigapiga. Kidogo. Kisha kidogo zaidi.

Alihesabu mpaka tano. Hakuna ambaye angemlaumu. Hakuna hata ambaye angejua.

Akavuta pumzi, akarudi chini na kisu.

Aliuhitaji mdomo wake, useme waliko wale thelathini na mmoja.

* * *

Mukhwana alikuwa ufukoni na magari mawili, na kofia yake ya majani. Wakonyo, ambaye jina hilo halikuwa lake, alikuwa ametapika nusu ya ziwa na alikuwa anaongea kama redio. Lori la ng'ambo lilikuwa limeshikwa chini ya kiwanda cha samaki na maofisa wa upande ule wa mpaka. Dereva wake alikuwa mtu wa kwanza aliyekubali kuwakumbuka wale thelathini na mmoja. Wapi hasa, bado alikuwa anasita.

Vijana walikuwa wamejifunga mablanketi. Festus alikuwa anasimulia upya, tayari hadithi imeota mabawa. Edinah alikuwa ameketi peke yake.

Derrick alipopitishwa na pingu, alimwonyesha kwa kidevu.

"Muulizeni na huyo. Huyo ndiye alituletea wasichana kumi na mmoja."

Wasichana wa Kibabii walimtazama Edinah. Kisha wakasogea mbali naye, hatua moja, wote kwa pamoja.

Mukhwana alimvuta Nabwile kando, akatoa karatasi mbili.

"Hii ni ya mashahidi. Hii ya washukiwa." Alishusha sauti. "Jina la mdogo wako halipo popote. Nimesahau kuliandika. Mimi ni mzee, husahau."

Kwa mtu kama Mukhwana hiyo ilikuwa zawadi kubwa. Huenda ilikuwa ya kwanza maishani mwake.

Nabwile alimwendea Edinah, akachuchumaa.

"Dada, sema sijui kitu," Edinah alimwambia. Meno yalikuwa yanagongana. "Tafadhali. Sema nilikuwa kama wao."

"Simu yako iko kwenye sanduku?"

"Iko."

"Meseji za Nasike?"

"Zote. Na za wale wengine. Namba tofauti tofauti."

"Ulikuwa unajua, Edinah."

Edinah alijikunyata ndani ya blanketi. Machozi yakaanza kushuka bila sauti.

"Kidogo," alisema.

Nabwile alimfuta uso kwa ncha ya blanketi, taratibu, pua kwanza kisha macho. Akasimama, akarudi kwa Mukhwana, akachukua kalamu.

"Fikiri," Mukhwana alisema. "Ni damu yako."

"Ile simu ni ya nani, mzee? Bila jina ni simu tu. Zile namba zinatufikisha kwa wale watu, lakini lazima aketi mtu mbele ya hakimu aseme ni zake na alizipataje."

"Atafungwa."

"Najua."

Aliandika kwenye karatasi ya pili. Jina la mdogo wake, jina la baba yao, kijiji chao. Akamrudishia kalamu.

"Aingie gari la kwanza. Asifungwe pingu, hatakimbia. Na mtafutie nguo kavu."

"Na wewe unaenda wapi?"

"Bungoma. Mama asikie kwangu kabla hajasikia kwa redio."

Akakamua maji kwenye fulana, akaokota ndala zake, akapanda mchanga mpaka barabarani bila kugeuka. Nyuma yake Edinah aliita mara moja. Jina lake halisi.

Kijana wa bodaboda alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Bungoma? Mbali hiyo, siste. Na vile umelowa, upepo utakumaliza."

"Endesha," Nabwile alisema.